Wekundu wa Mawese

Kila Jumamosi asubuhi Ibidun alipausha mafuta. Alimimina mawese katika chungu cha chuma, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Kisha aliketi kwenye kigoda na kusubiri.

Mawese yalilia polepole ndani ya chungu. Baadaye yalinyamaza. Moshi mweupe ukapenya pembeni mwa kifuniko, ukatambaa jikoni, ukapita mlangoni. Ndipo Ibidun alipofumba macho. Katika moshi ule alimwona mama yake. Hakuona uso. Aliona mkono tu, na kanga iliyofungwa kiunoni, na mwiko uliotulia hewani kama ndege anayefikiri.

Mama yake aliitwa Alake. Alikuwa mpishi wa sherehe, na katika vijiji vya Ijebu hapakuwa na harusi iliyokamilika bila mchuzi wake wa pilipili mbichi. Mchuzi ule hutaka mafuta yaliyopaushwa. Alake alizoea kusema kwamba mafuta mekundu ni mabichi. "Yaue kwanza," alimwambia binti yake, "ndipo upike."

Alake alifariki msimu wa mvua. Alimwachia Ibidun chungu na maneno hayo.

Basi Ibidun akayaua mafuta yote. Aliyaua ya mchuzi, ya kunde, ya mboga, hata kijiko kimoja cha uji wa mtoto. Moto ulipozimika na chungu kupoa, alifunua. Wekundu ulikuwa umekwenda. Yalibaki mafuta ya rangi ya majani makavu. Aliyajaza katika chupa nyeupe, akazipanga dirishani, jua likapita ndani yake. Zilipendeza. Aliziangalia kama mtu anavyoangalia picha ukutani.

Mume wake, Gbolahan, fundi wa pikipiki, alikuwa akikohoa na kuuliza kama siku hiyo wanakula chakula au wanakula moshi. Ibidun aliliweka sawa jiwe juu ya kifuniko. Gbolahan hakurudia swali. Alijua moshi ule ni wa nani.

Walikuwa na mtoto mmoja, Ayoka, wa miaka minne. Mwezi mmoja baada ya mazishi ya bibi yake aliugua surua. Alipona, lakini hakuwa yule wa zamani. Jua lilipoanza kuzama, aliacha mchezo. Alikwenda kuketi mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, na hakuondoka hapo mpaka abebwe.

Watoto wa jirani walikuwa na neno lao. Kuku jua likizama haoni, huingia bandani. "Kuku!" walimwimbia Ayoka. "Kuku, kalale!"

Ibidun aliwafukuza kwa ufagio. Yeye aliamini jambo jingine. Bibi mtu, alipokuwa hai, alikuwa akirudi kutoka kwenye mapishi saa zile za jioni, na mfuko wa nyama mkononi. Ibidun alijiambia kwamba mtoto anamngoja bibi. Wakati mwingine aliketi karibu naye, wakangoja wote wawili, na hewa ikawa ya buluu, kisha ya kijivu, na njia ikawa kama mto usio na sauti.

Jioni moja Ibidun alikuwa akipika. Taa ilikuwa haijawashwa, lakini yeye aliona vizuri bado. Aliinuka kuchukua chumvi. Alipogeuka, Ayoka alikuwa anakuja kwenye mafiga, mikono mbele, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mguu wake ulikuwa hatua moja kutoka kwenye chungu cha mafuta ya moto.

Ibidun alimrukia, akambeba. Mwiko ulianguka majivuni.

"Huoni chungu?" aliuliza.

Ayoka alimgusa uso, akatafuta pua, akatafuta mdomo.

"Mama," alisema, "kwa nini kila jioni mnaizima dunia?"

Ibidun aliketi chini, mtoto mapajani. Alielewa. Mtoto hakuwa akimngoja mtu. Alikuwa ameketi mlangoni kwa sababu hapo ndipo mwanga ulipomwacha.

Asubuhi walikuwa zahanati kabla ya mlango kufunguliwa. Mhudumu wa pale alikuwa Wuraola, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Ukoo wake ulikuwa wa wakamuaji wa mawese. Alikulia kwenye shimo la kukanyagia ngazi, matunda ya mchikichi, na alisema kwamba hata leo akinyeshewa mvua harufu ya mawese humtoka miguuni.

Alimchunguza Ayoka macho. Aliuliza hali hiyo ilianza lini. Aliuliza kuhusu surua. Akaeleza kwamba surua hukomba akiba ya vitamini A mwilini, na vitamini A ikiisha, macho ya mtoto huanza kushindwa na giza. Mtoto akiachwa, anaweza kupofuka kabisa. Kwa Ayoka walikuwa wamewahi. Akamkamulia matone ya dawa mdomoni, akamwambia Ibidun amrudishe kesho, na tena baada ya wiki mbili.

"Matone yatamtibu," alisema. "Lakini chakula ndicho kitakachomlinda. Anakula nini?"

Ibidun alisema anakula vizuri. Kunde, mboga, uji, na mafuta kila siku.

"Mafuta gani?"

"Mawese."

Wuraola alinyanyua uso. Nyumba yenye mawese na mtoto mwenye macho ya kuku, mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kichwani mwake. Aliuliza mawese hayo wanayafanyaje.

"Nayapausha."

"Yote?"

"Yote."

Wuraola aliweka kalamu mezani. Alasiri alikuja nyumbani kwao.

Aliomba visahani viwili vyeupe. Katika kimoja alitia mawese ya dumuni. Katika kingine alitia mafuta ya chupa ya dirishani. Cha kwanza kiling'aa kama jua la asubuhi. Cha pili kilikuwa kama maji ya mchele. Gbolahan alikuwa amerudi mapema, akasimama mlangoni na mikono yake yenye grisi.

"Wekundu umekwenda wapi?" Wuraola aliuliza.

Ibidun alisema umeungua.

"Basi ndiyo dawa iliyoungua. Wekundu ule ndio mwili huugeuza kuwa vitamini A. Ndio huohuo ulio kwenye karoti, na kwenye embe bivu. Ukiona mafuta yametoa moshi na kupauka, jua kilichokuwa cha macho kimekwisha. Kimebaki cha kukaangia tu."

Alinyoosha kidole nje, kwenye paa la jirani lililoliwa na kutu. Akauliza kwa nini paa la kanisa halikuwa hivyo, na lilijengwa mwaka mmoja na lile.

"Limepakwa rangi," alisema Gbolahan.

"Ehee. Bati lenye rangi halishikwi na kutu upesi. Mwili nao una kutu yake, fundi. Rangi za mimea, nyekundu, ya njano, ya kijani iliyokolea, nyingi husaidia kuizuia. Sasa wewe umepata bati lililopakwa tayari, halafu unaliweka motoni ubandue rangi."

Gbolahan alicheka kidogo, akaacha alipomwona mkewe.

Wuraola aliendelea bila haraka. Alisema si kila moto ni adui. Nyanya hupenda moto. Ikipikwa hutoa vizuri zaidi kilichomo. Mchicha nao hulainika kwa moto mdogo, lakini ukichemshwa sana kisha ukakamuliwa maji, uzuri wake mwingi unamwagwa uani. Bora uoshwe kwanza, ukatwe, uive dakika chache, na maji yake yabaki chunguni. Kisha utiwe kijiko cha mawese, kwa sababu rangi ya majani huingia mwilini ikibebwa na mafuta. Na mawese yasiwekwe dirishani. Jua nalo hupausha, ila halina moshi wa kukushtua.

Ibidun alikisogeza karibu kisahani cha pili. Alikuwa akikiangalia alipoongea.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa akimpofua mjukuu wake."

Gbolahan alikohoa.

"Mama yako alikuwa akipika mchuzi wa sherehe," alisema Wuraola. "Mchuzi wa sherehe huliwa siku ya sherehe. Niliula kwenye harusi yangu. Nililamba sahani, mama mkwe akaniona. Sijasema neno baya juu ya mchuzi ule, wala sitasema."

Jumamosi ilifika. Ibidun hakuteleka chungu cha chuma. Alichemsha kunde, zikaiva, akaziepua, ndipo akazitia mawese mabichi na kukoroga. Zikawa nyekundu kama udongo wa njia yao baada ya mvua.

Jikoni hapakuwa na moshi. Hewa ilikuwa safi na tupu. Ibidun alifumba macho, hakuona kitu. Alihisi amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Gbolahan aliporudi alisema nyumba haina moshi, alidhani amekosea njia. Kisha akaona machozi. Aliketi sakafuni karibu naye, akachukua sahani, akala kunde zote.

Siku zilikwenda. Ayoka alikuwa amepata matone yake ya pili. Chupa zilihamia kabatini, gizani. Kila mlo ulikuwa na kitu chenye rangi. Jioni ya siku ya sita baada ya Jumamosi ile, mbuzi walikuwa wakirudi, na Ayoka hakuwa mlangoni. Alikuwa katikati ya uwanja.

"Mama, yule mdogo amekula kamba yake," alisema.

Ibidun alitazama. Katika ule ubuluu, mbali, mbuzi mdogo alikuwa akitembea na kipande cha kamba kinywani. Hata yeye ilimbidi akaze macho. Watoto walianza kuimba "Kuku, kalale", na Ayoka akawakimbilia. Alimkamata mkubwa wao kwa shati, naye akapiga kelele kama kuku kweli.

Mwaka ulipotimia walifanya kumbukumbu ya marehemu. Siku hiyo, na siku hiyo tu, Ibidun alipausha mafuta. Alipika mchuzi wa pilipili mbichi, na wageni wakasema mkono wa Alake haujafa.

Mama mdogo Asabi, mdogo wa marehemu, alifika kutoka Ibadan mchana. Alipita jikoni kusalimia, akasimama ghafla. Ayoka alikuwa ameketi kwenye mkeka na kipande cha kiazi kikuu. Alikichovya katika mawese mekundu, akala. Mawese yalimtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni.

Ibidun alianza kuomba radhi. Akasema ni ushauri wa zahanati, na kwamba anajua si upishi wa mama.

"Si upishi wa nani?" Asabi aliuliza. Akaketi pale pale, na nguo yake ya sherehe. "Dada yangu alikuwa akiiba mawese kwenye kibuyu cha baba. Kwa kidole. Alipigwa, akaiba tena. Tulimwita Mdomo Mwekundu. Huko kupausha alikuja kujifunza Ibadan, keshakuwa mtu mzima, kwa matajiri wa harusi. Wewe mwenyewe alikuachisha ziwa kwa kiazi na mawese. Hukujua?"

Ibidun hakujua. Alimtazama mtoto. Kwa mara ya kwanza aliuona uso ambao moshi haukuwahi kumwonyesha, wa msichana mdogo mwizi, kidole kimelowa, macho yameangaza.

Nje wageni walikuwa wakimwita. Ibidun alivuta kigoda karibu na mkeka, akaketi.

"Mama mdogo," alisema, "anza tena. Anzia kwenye kibuyu."