Kadi ya Kuazima

Kila siku nikitoka shule nilimpelekea mama chai wodini. Siku hiyo nilimkuta daktari kando ya kitanda, uso ameukunja.

"Mama yako mzazi alikufa kwa nini?" alimuuliza mama. "Kesho nakupasua. Kuna familia ambazo watu wake huuawa na dawa ya usingizi."

Mama hakujua. Bibi alifariki katika hospitali hiyohiyo, mama akiwa na miaka miwili. Nikatumwa ofisi ya kumbukumbu pamoja na bibi mdogo, mdogo wake bibi, aliyemlea mama. Njia nzima bibi mdogo alitembea nyuma yangu, akijikokota.

Karani mzee alipitisha kidole kwenye daftari la vifo la mwaka ule. "Jina hilo halimo."

"Alifia hapahapa!" nilisema.

Nikainama nisome mwenyewe. Katikati ya ukurasa nililiona jina la bibi mdogo, limeandikwa lote. Amekufa! Nikageuka. Alikuwa ameketi kwenye benchi, analia.

"Dada alipoteza kadi yake ya matibabu," alisema. "Bila kadi hawakupokea mtu. Nikamwazima yangu. Kadi yake ilikataza dawa ya usingizi, maana nusura imuue alipomzaa mama yako. Yangu haikukataza kitu. Dada alikuwa hajitambui. Muuguzi aliponiuliza kama kuna dawa inayomdhuru, nikajibu kwa kufuata kadi. Hakutoka chumba cha upasuaji. Nikaogopa kufungwa, nikanyamaza."

"Na mama je? Ungemwacha afe?"

Nilimchukia, sifichi. Nikatimua mbio hadi wodini.

Daktari alibadilisha dawa, na kesho yake mama alitoka salama. Alipoambiwa yote, aligeukia ukutani.

Wiki iliyofuata bibi mdogo aliniomba nimsindikize kurekebisha daftari.

"Miaka yote hii kazini, sijaletewa malalamiko na marehemu," karani alitania. Hakuna aliyecheka. Akachukua fomu. "Sababu ya kifo?"

"Andika dawa ya usingizi. Na aliyedanganya andika mimi."

Karani aliweka kalamu chini, akanitazama. "Mjukuu wangu, mgonjwa hutibiwa kwa yale tunayoyasema. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa."

Bibi mdogo akalitaja jina la dada yake, herufi moja moja, karani akaliandika.