Ruhusa ya Marehemu Salesio

Ukisikia hii stori kwa mtu mwingine, jua ameiba kwangu. Mimi niliona na haya macho mawili, na kama ningekua na ya tatu pia hiyo ingeona. Majini nimeona saba tangu nizaliwe, mbili hata zikanisalimia. Lakini hii ya Mwenda ilinifanya niwache kuringa wiki mzima, na nyinyi mnanijua.

Mwenda ni fundi wa kompyuta, anakaa mtaa wa Dallas hapa Embu, mimi na yeye ukuta ni moja. Kompyuta yenye anachunga iko Timau, kwa shamba ya maua, lakini anaiendesha kwa mtandao akiwa kwake na soksi. Hiyo kompyuta ndio bosi wa chumba ya baridi, mashine mpaka mlango. Na ndani ya hiyo chumba ndio bibi yake, Karwirwa, hufunga waridi, baridi kali mpaka kamasi inaganda kabla upanguse.

Mwezi huo wezi wa mtandao walikua wengi kushinda nzige, Mwenda akaambiwa akaze ulinzi. Akakaza. Paswadi ndefu kama reli. Ukikosea mara tatu, unafungiwa nje. Na kila jina kwa ile orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kutoka mbali, lazima simu ya mwenyewe iulizwe kwanza kama ni yeye. Akashuka hiyo orodha mpaka akafika kwa Salesio, karani wa shamba aliyekufa Februari.

Marehemu hana simu. Alifaa afutwe. Lakini siku ya mazishi mama yake, Ciakuthii, alikua amemshika Mwenda mkono akamwambia, "Mwana wakwa, Salesio hakuacha mtoto, na hakuna ndugu wa kumwitia. Kila mahali wamemtoa. Mwache akae hata hapo kwa mashine." Huku kwetu jina ya mtu hurudi kwa mtoto. Isiporudi, amekufa mara mbili. Mwenda akaona huruma, akatoa alama kwa kale kasanduku ka kuulizwa simu, jina moja tu, akaenda kunywa chai.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua inawaka, skrini ikamwambia: Salesio ameingia, dakika mbili zilizopita.

Akacheka kidogo, mimi nimekaa hapo kando yake. Halafu nyumba ikaanza kunuka maji ya maua iliyooza, na kamshale ka kompyuta kakatembea peke yake, polepole, kakafunga mlango ya chumba ya baridi. Mwenda akagusa, ikakataa. Kuona aliachiwa, kugusa akanyimwa.

Simu ikalia, Karwirwa.

"Mwenda, mlango imejifunga. Na kishikio ya huku ndani si ilivunjika Pasaka."

"Tulia."

"Nimetulia. Ongeza joto basi, si wewe ndio bwana wa mashine."

Akampigia Oscar, fundi wa stima huko shambani, ang'oe waya ya mtandao. Oscar akang'oa, kamshale kakaendelea, Oscar akavuta mlango ikagoma, akazima stima ya shamba mzima na bado ile mashine ikanguruma kama simba kumi na nne, baridi ikishuka mbili, sufuri, chini ya sufuri kumi, ishirini, na kwa simu ingine Mwenda anasikia bibi yake akigonga mabati ya mlango, kwanza na ngumi, halafu na kiganja, halafu pole pole kama mtu anabisha nyumba ya wageni. Kwa skrini maneno ikaanza kuandikwa, herufi moja moja, Kiswahili safi ya Mombasa, ile hata mwalimu wetu hakua nayo.

"Salesio hayupo. Nilikuta mlango wake u wazi. Sitoki mpaka mamaye anifukuze."

Mwenda akampigia Ciakuthii, akamweleza kwa sauti ya chini. Mama akauliza:

"Anaandika?"

"Mama, si yeye. Sema tu atoke. Bibi yangu ako ndani."

"Muulize kama amekula."

"Mama, tafadhali."

"Nimemzika mara moja, Mwenda. Ya pili siwezi." Akakata.

Kugonga ikaisha. Mwenda akapiga magoti mbele ya kompyuta kama ni madhabahu. Ndio simu ikalia tena, Ciakuthii, analia, akasema neno moja, "Toka." Jina ikajifuta, mlango ikafunguka, Karwirwa akatoka na barafu kwa nywele, akaitisha uji na akamwambia bwana yake atafute kazi ya kulisha kuku.

Sasa, hiyo mwisho nimeweka mwenyewe, ndio mkunywe chai yenu vizuri. Mama hakupiga tena. Mlango ilikatwa na grainda, saa tisa, na hakuna mtu aliitisha uji. Hiyo ingine yote niliona.