Hewa ya Watulivu

Katika kina cha mita arobaini na nane chini ya Ziwa Tanganyika, ndani ya ghala la meli iliyozama zaidi ya karne moja nyuma, mtalii mmoja alianza kuhema ovyo. Alikuwa anamulika safu za cherehani zilizokuwa shehena ya meli. Alipogeuka ghafla alikutana na barakoa ya mwenzake, akadhani ni uso wa maiti. Kabla hajamaliza kupiga yowe, mashine ilikuwa imekwisha kumhudumia.

Mashine hiyo iliitwa Mgawo. Wapiga mbizi wote wa msafara waliunganishwa kwa mirija myembamba iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, hata mitungi yao ikawa kama mtungi mmoja. Kifuani mwa kila mmoja palikuwa na kihisi kilichopima mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na kiasi cha hewa chafu katika pumzi. Mgawo ulilinganisha vipimo hivyo bila kupumzika na kupeleka hewa kwa aliyeihitaji zaidi. Mtalii yule alipewa alichotaka, na wengine walipungukiwa kidogo bila kuhisi. Aliyepungukiwa kuliko wote alikuwa kiongozi wa msafara, Zuhura Ntakije, kwa sababu ndiye aliyekuwa ametulia kuliko wote.

Juu, katika kituo cha wapiga mbizi cha Kigoma, Mhandisi Elinami Mbwambo aliyatazama hayo kwenye kioo cha kompyuta akaridhika. Mgawo ulikuwa kazi ya akili yake. Alikulia Same, ambako maji ya kuogelea ni habari ya kusimuliwa, na alijifunza kupiga mbizi ukubwani ili kujaribu mashine yake. Tangu ifungwe Kigoma, hakuna mtalii aliyekufa kwenye meli hiyo iliyozama, Liwali. Kiongozi mmoja alikuwa amekufa.

Zuhura alipopanda alimkuta gatini.

"Habari za juu, mhandisi?"

"Njema. Umeona Mgawo ulivyofanya kazi?"

"Sikuuona. Nimeusikia mbavuni." Alivua mtungi akauweka chini. "Sisi tunauita Kupe."

"Nimeambiwa. Si jina la kuwatajia wateja."

"Wateja hawana haja ya kulijua. Hawanyonywi."

Elinami alicheka kidogo. Zuhura hakucheka. Alikuwa msemaji wa viongozi wa mbizi, na mhandisi alikuwa amekuja kwa ajili ya saini yake. Shirika moja lililojenga makazi angani lilitaka kuufunga Mgawo katika vyumba vyake vyote, ili hewa ya jiji zima igawanywe kwa kanuni ile ile. Lilikuwa na sharti moja tu: waliokwisha kuutumia wathibitishe kwamba hawana pingamizi.

"Pingamizi letu ni mwenzetu Gwanko," alisema Zuhura. "Alinaswa na waya kule nyuma ya meli. Watalii wanne wakamwona, wakaingiwa na hofu. Hewa ikawafuata wao. Yeye alitulia, kama tunavyofundishwa. Mashine yako ikasema hana haja."

"Nimesoma taarifa. Bila Mgawo wangekufa wale wanne."

"Huenda. Ninachotaka ni kizingiti. Kiwango ambacho hewa ya mtu ikifika hapo, isichukuliwe tena. Imtoshe kupanda tu."

"Kizingiti maana yake mtu anakufa huku mwenzake ana hewa mgongoni. Siwezi kuunda mashine itakayokaa ikitazama hilo."

"Ilitazama la Gwanko."

"Gwanko alikuwa mmoja."

Kwa hesabu, Elinami alikuwa sahihi, na Zuhura alilijua hilo. Ndiyo maana hakubishana zaidi.

"Shuka nami chumba cha injini, kaka," alisema. "Sisi wawili tu. Uone hewa inavyotoka mwilini mwako kumfuata mwingine. Ukipanda ukaniambia maneno hayo hayo, natia saini."

Walishuka asubuhi iliyofuata. Liwali ilikuwa imelala upande mmoja juu ya mchanga. Maji ya ziwa hayana chumvi wala wadudu wanaotoboa mbao, kwa hiyo mengi yaliyokuwa melini bado yalikuwepo: ngazi, vitanda vya mabaharia, vikombe kwenye kabati. Chuma ndicho kilichokuwa kimechoka. Barakoa zao zilikuwa na vipaza sauti, na Zuhura alizungumza kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Unapumua kama mtu anayepandisha gunia la mahindi ghorofani. Polepole. Hakuna anayekufukuza."

"Ninajitahidi."

"Usijitahidi. Anayejitahidi ndiye anayekula hewa."

Alimwonyesha mshale wa kipimo cha hewa kwenye mkono wa suti yake, uliokuwa ukishuka haraka kuliko wa Elinami. Pumzi zake zilikuwa chache na ndefu, na sehemu ya kile alichokiokoa ilikuwa inavuka mrija kwenda kwa mhandisi. Elinami aliutazama mshale huo kwa muda. Alikuwa ameuona mara nyingi kwenye kioo. Kuuona ukiwa mkononi mwa mtu hakukubadili hesabu.

Walikuwa wameingia chumba cha injini wakati bawaba za mlango zilipokatika. Mlango wa chuma uliteleza, ukaziba pito, na vumbi la kutu likajaza maji. Mara moja Elinami akaanza kuhema. Mshale wa Zuhura ulianguka.

"Nimewaona," ilisema sauti ya Bi Shamimu, mkuu wa kituo, ambaye alipiga mbizi miaka ishirini hadi sikio lake moja lilipopasuka. "Nimemtuma Kambale. Atafika, atakata mlango, atawatoa. Dakika ishirini. Mhandisi, tulia. Mkitulia wote wawili, hewa inawatosha, pamoja na mapumziko ya njiani wakati wa kupanda."

Kambale ilikuwa roboti ya uokoaji, nzito na isiyojua haraka. Elinami alifunga macho, akahesabu. Bi Shamimu alikuwa sahihi. Kwenye kina hicho pumzi moja hula hewa karibu mara sita ya pumzi ya nchi kavu, lakini mitungi miwili, kwa watu wawili watulivu, ilitosha. Alipunguza pumzi zake. Mapigo ya moyo wake yakashuka, na mishale ya mikono yao ikasogea pamoja, sawa kwa sawa.

"Hivyo hivyo, kaka," alisema Zuhura. "Umeweza."

Angeweza kuendelea hivyo. Kilichomsumbua ni neno moja katika hesabu ile: wote. Uhai wake ulitegemea utulivu wa mtu mwingine. Kama Zuhura angeogopa hata kwa dakika chache, hewa ingemwendea yeye, na hakuna ambaye angeweza kuirudisha. Elinami aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote duniani. Alijua pia kwamba humpendelea anayetangulia kuhema.

Akaegemeza mgongo kwenye bomba la injini, akaanza kuupiga mlango mateke.

"Unafanya nini?"

"Naufungua mlango."

"Mlango huo hata watu kumi hawausogezi. Acha."

Aliendelea. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa mwilini, na ikifanya kazi huongeza hewa chafu haraka kuliko hofu yenyewe. Moyo wake ulianza kwenda mbio. Mgawo ukapima, ukalinganisha, ukafungua mrija.

"Mhandisi, unanichukulia."

Elinami aliongeza kasi ya mateke.

"Elinami, simamisha miguu," alisema Bi Shamimu. "Unanisikia? Simamisha miguu."

Zuhura alimwangalia usoni kupitia kioo cha barakoa. Alikuwa amewaongoza watu wenye hofu kwa miaka mingi, na aliyajua macho yao. Haya hayakuwa macho ya hofu. Alishika kifungo cha mrija kifuani mwake, akakivuta. Hakikufunguka; kiliundwa kifunguke nje ya maji tu. Elinami ndiye aliyekiunda hivyo, kwa kuwa mtu mwenye hofu huvuta chochote kinachoshikika.

Kisha naye akaanza kupiga mateke. Lakini moyo wake ulikuwa umezoezwa miaka kumi na mitano usishtuke, nao ulipanda polepole, kama unaoomba radhi. Mgawo uliona watu wawili: mmoja mwenye uhitaji mkubwa, mwingine mwenye uhitaji mdogo. Zuhura akaacha. Alishika mguu wa Elinami kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani ili utulie. Elinami aliuchomoa, akaendelea.

"Ilikuwa inatutosha," alisema Zuhura.

Hakusema tena. Pumzi yake ilipokatika, kihisi chake kilionyesha mapigo ya chini kuliko ya mtu aliyelala. Elinami alipiga mateke mengine mawili, akaacha. Alikaa juu ya bomba, akapumua taratibu, akamsubiri Kambale.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku moja. Wajumbe watatu waliuliza kama mashine ilikuwa na kasoro, wakajibiwa kwamba haikuwa nayo. Bi Shamimu aliomba kuuliza.

"Moyo wako ulishuka Zuhura alipokata roho. Ulishuka ndani ya dakika moja."

"Nilichoka."

"Ulichoka wakati ule ule."

"Ndiyo."

"Kabla ya mateke ulikuwa umetulia. Nilikuona. Kwa nini hukuendelea kutulia?"

"Mtu hachagui kuogopa, Bi Shamimu."

Mwenyekiti alisema kwamba hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa mapigo ya moyo wake. Kuhusu kizingiti, baraza liliona kwamba Mgawo ulimwokoa aliyeweza kuokolewa, na pendekezo likawekwa kando. Viongozi wa mbizi hawakuwa na msemaji, kwa hiyo hakuna pingamizi lililowasilishwa. Mkataba wa angani ulitiwa saini.

Bi Shamimu alirudi Kigoma, akawaita viongozi wake katika chumba cha kuvalia suti. Aliwasikilizisha sauti zote za chumba cha injini, tangu mlango ulipoanguka mpaka mwisho. Hakuongeza neno. Mmoja wao aliuliza, "Ni mapaja, siyo?" Bi Shamimu akasema, "Ni mapaja."

Mwezi uliofuata, mwalimu mstaafu wa muziki kutoka Tukuyu, Mzee Lutengano Mwakyusa, alishuka kwenye Liwali pamoja na viongozi wawili. Wanawe walikuwa wamemlipia safari hiyo kama zawadi. Mbele ya cherehani barakoa yake iliingia maji, naye akaanza kuhema. Viongozi wote wawili waliiona mishale ya mikono yao ikianza kushuka. Hawakutazamana. Kila mmoja alishika nguzo ya ghala, akaanza kupiga mateke ubavu wa meli, kwa nguvu. Walikuwa vijana wenye mapaja makubwa, na walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu ufukweni, hadi mioyo yao ikajua kuamka. Mzee Lutengano alikuwa na moyo wa miaka sabini na moja, usioweza kwenda mbio kiasi hicho.

Elinami alipigiwa simu akiwa ofisini kwake Dodoma. Alisikiliza, kisha akauliza kama Mgawo ulikuwa na hitilafu.

"Hauna," alisema Bi Shamimu. "Nimeukagua mara mbili."

"Na viongozi?"

"Wazima. Wanakunywa uji hapa."

"Walimwacha afe."

"Waliogopa, mhandisi. Vipimo vyao viko hapo, viangalie. Watu wawili wenye uhitaji mkubwa, na mzee mmoja mwenye uhitaji mdogo."

Upande wa pili wa simu Elinami alisikia vijiko na mtu akicheka kwa mbali.

"Familia ya mzee ina mwanasheria," aliendelea Bi Shamimu. "Kampuni ya utalii nayo inaye. Wamekwisha kupiga huku mara nne leo. Wakati wa Zuhura hakupiga mtu."

Alasiri hiyo barua ilitoka makao makuu: kizingiti kiwekwe mara moja, Kigoma na angani. Elinami alifungua maelekezo ya Mgawo na kuandika mistari sita. Alimaliza kabla chai yake haijapoa. Mashine ilimtaka ajaze sababu ya badiliko, naye akaandika: usalama wa wateja.