Boti Iliyotiwa Bitana

Wimbi la tatu lilipoipiga boti, mashine ililala nyuma na fundi akairukia kwa mikono miwili. Ubao unaoibeba, ule aliouweka yeye mwenyewe mwaka jana, ulichomoka na bolti mbili za juu. Maji ya ziwa yakaanza kumwagika ndani.

"Shemeji, chota maji!"

"Kwani unaniona nafanya nini?"

Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa mshonaji. Walikuwa wanarudi kutoka kupeleka sare za shule ng'ambo, na boti ile ya alumini ilikuwa mali yake. Nyumbani kulibaki mwendo wa saa mbili, lakini kisiwa cha mawe kilikuwa karibu. Mshonaji akapiga kasia, akachota maji, akapiga tena, huku mabega yakimwaka moto. Fundi hakuweza kumsaidia. Bolti ilikuwa imemchana kiganja cha kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa umeing'ang'ania mashine isizame.

Walipoivuta boti juu ya mawe, mshonaji alimfunga kiganja kwa kipande cha kitambaa. Kisha akainama nyuma ya boti. Alumini ilikuwa imeliwa, matundu matupu na unga mweupe.

"Uliweka mbao gani hapa?"

"Mbao ya dawa. Ile ya zamani ilikuwa imeoza, nikaleta isiyooza."

"Kweli haijaoza. Imekula boti yangu."

Fundi akaligusa tundu moja kwa kidole. Muuza mbao alikuwa amemwonya kwamba dawa ile haipatani na alumini, atenganishe kwa mpira. Yeye alijiona anafundishwa kazi na mtu wa dukani. Ameezeka mapaa kwa mbao ile miaka nenda rudi, na neno dawa lilimtosha. Sasa aibu ilimuuma kuliko kiganja.

Walingoja. Hakuna chombo kilichopita, na mawimbi yalizidi kupanda juu ya mawe. Jua lilipoanza kuinama, mshonaji alisimama akafungua viti viwili vya ubao vya boti, apate ubao mpya wa kubebea mashine. Alichukua mfuko wa zana wa fundi bila kuomba, akatoa kekee ya kutobolea, ambayo hata kaka mtu hakuwahi kuruhusiwa kuishika.

"Shika wima. Wima, nimesema!" fundi alifoka. "Siyo hivyo."

Tundu la kwanza lilikwenda kombo. La pili likaupasua ubao katikati. Mshonaji akaitupa kekee chini, akakaa, machozi ya hasira yakimtoka.

"Umeniharibia boti, sasa unanipigia kelele. Ubao umebaki mmoja. Ukipasuka huu, tunafia hapa."

Fundi aliutazama mkono wake uliofungwa. Akasogea, akakaa karibu naye.

"Usiikandamize," alisema taratibu. "Iache ijizungushe, itaingia yenyewe."

Safari hii tundu likatoka safi. Yakafuata mengine. Kabla ya kuupachika ubao, mshonaji alinyoosha kidole kwenye miguu ya fundi.

"Nipe buti."

"Hizi za mpira? Ni mpya hizi."

"Zilikuwa. Bati hili linataka bitana, shemeji."

Alizipasua kwa kisu, akautandika mpira kati ya ubao na alumini, akakaza bolti. Palipokosa bolti alipitisha kamba ya nailoni kwenye matundu na kushona, akivuta kila mshono huku mguu umekita kwenye bati. Vidole vyake vilitoka damu. Fundi, pekupeku juu ya mawe, alishika taulo na kukausha mahali alipoelekezwa.

Mashine iliwaka mara ya tano. Walikwenda polepole, mshonaji akiongoza, fundi akichota maji yaliyopenya, hadi gati lilipoonekana.

Mlinzi wa gati alidaka kamba yao, akaitazama nyuma ya boti kwa muda mrefu.

"Fundi, kushona mbao namna hii umejifunza wapi? Kazi safi."

Mshonaji alikuwa anashuka. Alisimama, mguu mmoja botini, akamtazama shemeji yake.

"Hiyo si yangu, ni yake," fundi alisema. "Yangu ni ile iliyochomoka."