Twiga Huzoeshwa Kwanza

Mjukuu wangu wa kike tunamwita Kimya. Kazi yake ni kutunza twiga katika bustani ya wanyama. Kila asubuhi hukata majani, hufagia zizi, hufunga mlango mara moja na kuukagua mara tatu. Nyumbani husikia jokofu likinguruma, mimi sisikii kitu. Nilidhani ni uzee. Uzee upo, lakini si huo peke yake.

Siku moja alirudi na barua ya onyo. Akikosea tena, kazi hana.

"Umefanya nini, mama?"

"Sijui, Bibi. Msimamizi alisema fungua zizi la pili, peleka maji, acha maji, wahi wageni. Kipaza sauti nacho kinapiga kelele. Nikaziba masikio, nikasimama."

"Ukasimama tu?"

"Nikasimama tu."

Sikuelewa. Mtu mzima, miguu yote miwili mizima! Nikampa dawa yangu ya kizee: "Kesho mtazame msimamizi machoni. Usibandue macho."

Alinitii. Alimtazama asubuhi nzima bila kupepesa. Jioni akaniambia, "Kesho ananifukuza."

Nikashika fimbo yangu, nikaenda naye.

"Binti huyu ananidharau," msimamizi akalalamika. "Jana alinikodolea macho mpaka nikaogopa."

"La macho ni langu," nikasema. "La kusimama ndilo silijui."

Mama daktari wa wanyama alikuwa pale ofisini. Akacheka, kisha akamwambia Kimya, "Hebu nieleze wewe mwenyewe."

"Maneno mengi na kelele vinanijaa. Kichwa kinajifunga. Zahanati waliandika nina usonji."

Kweli waliandika. Karatasi niliificha mimi, chini ya godoro. Niliogopa midomo ya majirani.

"Huo usonji unaambukiza?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Si ugonjwa. Amezaliwa hivyo. Ubongo wake unapokea sauti na maneno kwa njia yake. Akili anayo." Akamgeukia msimamizi. "Twiga tukitaka kumhamisha, tunafanyaje?"

"Tunazima kelele. Tunamwonyesha njia siku tatu kabla. Anayemwita ni mtu mmoja tu."

"Na huyu je?"

Msimamizi akakuna kichwa.

"Mjukuu wangu si twiga!" nikafoka.

"Ndiyo maana yeye tunaweza kumwuliza," daktari akajibu. "Kimya, unahitaji nini?"

Ana miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, hata mimi.

Akahesabu kwa vidole. "Kazi ziandikwe ubaoni. Zikibadilika, niambiwe moja moja. Nivae vizuia kelele masikioni. Na nikijaa, nipumzike dakika kumi kwenye stoo ya majani."

"Hayo tu?" msimamizi akashangaa.

"Hayo tu."

Wakajaribu wiki mbili. Wafanyakazi wengine nao wakaupenda ubao, maana msimamizi alikuwa anasahau alichoagiza. Barua ikachanwa. Twiga mpya alipoletwa, aliyemwingiza zizini ni Kimya.

Bado mengine siyaelewi. Lakini nami nilimwuliza, "Na hapa nyumbani, unahitaji nini?"

"Uzime redio, Bibi."

Redio yangu! Inayoimba tangu alfajiri! Nikaizima kwa uchungu. Nyumba ikatulia. Mara nikasikia ukutani: tik, tik, tik. Saa ya marehemu mume wangu. Miaka yote hiyo nilidhani haina sauti.

Jokofu bado silisikii.