Ufa wa Jikoni

Fundi mwashi alikuwa na ugomvi na ufa mmoja. Ulianzia chini ya dirisha la jikoni, ukapanda mpaka kwenye bati. Akiuziba, unarudi. Naye anauziba tena, anapaka chokaa juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo?

"Huu ufa mkaidi kukushinda, mwanangu," mama yake alimtania. Jiko lile lilikuwa lake. Alishinda humo kutwa, akipika na kuimba.

Siku moja jirani yao, dada mtaalamu wa miamba, aliuona. Akaufuata hadi nje. Mtaro wa barabarani nao ulikuwa umepasuka kwenye mstari uleule.

"Kaka, tatizo si ukuta. Ni ardhi, inasogea."

"Ardhi ina miguu, dada?"

"Sikiliza. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa sana. Tunaviita mabamba. Yanasogea polepole, kama kucha inavyoota. Kuna mahali yanaachana, na mwamba wa moto unapanda kujaza pengo. Kuna mahali yanagongana. Ardhi inakunjamana inakuwa milima, au bamba moja linazama chini ya lingine. Na kuna mahali yanapishana, yakisuguana. Sisi tuko hapo. Yanang'ang'aniana miaka mingi, kisha yanachomoka ghafla. Hilo ndilo tetemeko."

"Sasa nifanyeje?"

"Libomoe jiko. Jenga mbali na mstari huu. Weka nondo kwenye pembe zote, na mkanda wa zege juu ya kuta."

"Nibomoe kazi ya mikono yangu? Mtaa mzima utanicheka!"

Akakoroga saruji, akaziba ufa.

Tetemeko lilikuja asubuhi, chai ikiwa motoni. Ukuta ule ukaanguka wote. Mama alitolewa hai, lakini nyonga yake ilivunjika.

"Laiti ningalibomoa!" fundi alilia hospitalini. "Niliogopa kuchekwa, mama. Lo, nimekuumiza mwenyewe!"

Majuto ni mjukuu. Alijenga jiko jipya, mbali na mstari, kwa nondo na mkanda wa zege. Ardhi ilipotikisika tena, ukuta haukupata hata mkwaruzo. Majirani wakaja kujifunza, nao wakajenga vivyo hivyo.

Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu kuliona. Akapapasa kuta, akatazama meko ambayo hangeweza tena kusimama mbele yake.

"Jiko zuri, mwanangu," alisema. "Ila sasa mpishi ni wewe."

Akacheka. Fundi alijaribu kucheka naye, akashindwa.