Niliambiwa Nimekufa Nikiviringisha Chokoleti

Nina miaka sitini na tatu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali, pitieni tu, msinifundishe. Mimi ni muuza makaa, Silanga, Kibera, upande wa bwawa. Sioni haya kusema hivyo. Ninayotaka mjue ni vile mgeni aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mimi ni marehemu... na mikono yangu ilikuwa imejaa chokoleti!

Acha nianzie mbali kidogo.

Nilitoka Vihiga nikiwa mke wa mtu. Tulipanga chumba Kawangware 46. Nikiwa na mimba ya miezi sita, bwana akasema anaenda Mombasa kutafuta kazi. Nafikiri bado anaitafuta.

Nilikaa njaa siku mbili. Siku ya tatu nikaona wanawake wanaofagia vumbi la makaa linalobaki chini ya magunia. Wanalichanganya na udongo na maji, wanaliviringisha kwa viganja mpaka linakuwa donge, wanaanika juani. Donge hilo linawaka kama makaa mengine, tena linakaa. Nikaketi nao, nikaingiza mikono. Nilijifungua Linet Jumanne. Jumanne iliyofuata nilikuwa juani, mtoto mgongoni, naviringisha.

Madonge hayo ndiyo yalinihamisha mpaka Silanga, yakanipa kibanda, yakanifikisha kuuza magunia. Madonge hayo ndiyo yalimsomesha Linet mpaka chuo kikuu. Sikusaidiwa na mfadhili. Sikusaidiwa na mwanasiasa. Ni mikono hii miwili!

Na mjue kitu kimoja. Kwetu huku ukishazaa, jina lako la kwanza linawekwa kando. Mimi ni Mama Linet, miaka thelathini sasa. Kanisani ni Mama Linet, kwa chama cha akina mama ni Mama Linet, hata mwenye nyumba akija kufoka anafokea Mama Linet. Ukiulizia Rodah, jina langu la kwanza, hapa Silanga utazunguka mpaka viatu viishe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea mimi, wala si mtoto.

Linet alipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, tuliitwa siku ya wazazi. Nilisugua mikono kwa jiwe. Nikasugua kwa mafuta ya taa. Weusi wa kwenye kucha ukakataa kutoka! Nikawaza wale wazazi wa magari, nikawaza mtoto wangu akichekwa... Mimi ambaye sijawahi kuogopa askari wa kanjo wanaotunyang'anya bidhaa, niliogopa siku ya wazazi.

Nikamwomba dada yangu Berita aende badala yangu. Berita anakaa mtaa wa Ayany, bwana yake alikuwa karani, mikono yake ni laini kama mkate. Akaenda na mkoba. Aliporudi aliniambia akicheka kwamba Linet aliwaambia wenzake, "Huyu ndiye mathe wangu." Na mimi, mjinga, nikacheka pia! Nikasema ni vizuri, mtoto asiaibike.

Miaka minne Berita alienda. Mimi nilikaanga kuku na kupika chapati za kubebwa. Kuku wangu alihudhuria kila siku ya wazazi. Mimi sikuhudhuria hata moja.

Linet akamaliza chuo, akapata kazi ya ofisi, akapanga nyumba ya maji ya bomba na lifti. Kuja Silanga akaacha. Tukawa tunaonana Ayany kwa Berita, ati huko ndiko karibu na barabara. Nilikubali hilo pia. Mtu akishakubali la kwanza, la pili linaingia bila kubisha hodi.

Halafu mwaka jana akanipigia simu. Amepata mchumba, Brian, na mama yake Brian anataka wanawake wa pande zote mbili waende Nanyuki siku mbili, wajuane kabla ya mambo ya mahari. Akasema kule kwa hoteli kutakuwa na darasa, mtu anafundishwa kutengeneza chokoleti kwa mikono yake.

Nikamuuliza, "Kwani chokoleti imeisha madukani?"

Alicheka. Jamani, nilikuwa sijamsikia akicheka nami kwa muda mrefu! Nikasema naenda. Mimi nje ya Nairobi nimetoka kwa mazishi tu. Mara hii nilikuwa naenda kutembea kama watu.

Alinipeleka saluni, nikapakwa rangi ya kucha nzito kama damu ya mzee. Akaninunulia glovu za sufu, ati Nanyuki kuna baridi. Akaniambia, "Mum, tafadhali usiongee sana. Wakikuuliza kazi, sema biashara." Nikasema sawa, kwani makaa si biashara?

Mama Brian alitupokea vizuri. Ni nesi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuja na binti zake wawili. Linet aliniweka mbele yao akasema, "Huyu ndiye nilikuwa nawaambia." Basi. Wao wakaniita Anti. Karibu Anti, kunywa chai Anti. Sikushtuka. Siku hizi wasichana wanaita kila mtu anti, hata muuza nyanya.

Asubuhi tukavishwa aproni, tukasimama kwa meza ndefu. Mwalimu alikuwa kijana wa kofia nyeupe ndefu kama sufuria. Alimwaga krimu ya moto juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, akakoroga mpaka ikang'aa kama kiatu cha polisi. Akaweka ndani ya friji, akatoa ingine iliyokuwa imeshika. Akasema kazi ni kuchota kidogo na kijiko, kuviringisha kwa viganja haraka kabla joto la mkono halijaiyeyusha, halafu kutupa kidonge ndani ya unga wa kakao.

Akaongeza, "Na mtoe glovu. Hii ni kazi ya viganja."

Nikatoa glovu. Linet aliniangalia kama mtu anayeona mamake anavua nguo sokoni.

Wasomaji wangu, nilipoweka ile chokoleti kiganjani nilikaribia kucheka kwa sauti. Ni makaa! Ni kazi ile ile! Unachota, unabana kidogo, unazungusha, unaachilia. Viganja vya wale wasichana vilikuwa na joto, chokoleti yao ikawa uji mpaka kwa kiwiko. Vyangu viliacha kusikia joto na baridi zamani. Vidonge vyangu vilitoka mviringo kama gololi, kimoja baada ya kingine.

"Eish, mathe!" mwalimu akapiga kelele. "Umefanyia hii kazi hoteli gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Linet akanikanyaga mguu chini ya meza.

Binti mmoja wa Mama Brian aliinua mikono yake ya kahawia, akapigwa picha. "Cheki vile nimechafuka!" Alikuwa na furaha sana. Watu wamelipa ili wachafue mikono... na mimi yangu imechafuka bure miaka thelathini, na ndiyo ya kufichwa kwa glovu?

Ndipo Mama Brian akaniinamia sikioni. Mama wa watu alikuwa na nia njema. Akasema, "Anti, Mungu akubariki. Kulea mtoto wa marehemu si mchezo. Linet alituambia mama yake alifariki yeye akiwa mdogo kabisa."

Kidonge kilikuwa katikati ya viganja vyangu. Sikukiangusha. Nilikiviringisha mpaka mwisho, nikakiweka kwa unga, nikapangusa mikono.

Nikamuuliza, "Alikufa na nini?"

"Kifua," akasema. "Hukujua?"

Kifua! Hata ugonjwa alikuwa amenichagulia! Mimi ambaye sijawahi kulazwa hata siku moja!

Nikasema kwa sauti ya kusikika meza nzima, "Mama Brian, huyo marehemu ni mimi. Na kifua changu ni kizima, kama unavyosikia."

Kijiko cha mwalimu kilianguka. Nilimgeukia mwanangu. Nilikuwa nampa nafasi, mnaelewa? Angelia tu, ningemsamehe papo hapo, mbele ya wote. Lakini Linet akatabasamu... akanishika bega kama mgonjwa... akasema, "Msijali. Anti siku hizi anachanganyikiwa kidogo. Ni uzee."

Kwa hivyo nilikufa mara mbili asubuhi moja. Mara ya kwanza kwa kifua, mara ya pili kwa akili.

Ningefanya nini? Ningetoa cheti? Sikutembea na cheti cha kuzaliwa cha mtu. Ningeonyesha tumbo? Sikulia wala sikupigana. Nilivua aproni. Nikaomba karatasi, nikafunga vidonge vyangu, maana nilivitengeneza mimi. Nikamwambia Mama Brian akitaka ukweli aulizie Mama Linet, Silanga, nikarudi Nairobi peke yangu, kwa nauli yangu.

Vidonge niligawia majirani. Mama Atieno, jirani yangu anayeuza sukuma, alionja akasema, "Ni tamu, lakini haishibishi." 

Mnafikiri yaliishia hapo? Kesho yake Berita akanipigia simu akifoka. "Si ungevumilia siku mbili tu! Umemharibia mtoto!" Hapo ndipo nikajua mengine. Ile safari haikuwa yangu! Aliyetakiwa ni Berita, "anti aliyemlea." Mguu wa Berita ulifura wiki ile, hawezi kutembea, ndiyo Linet akanibeba mimi niwe Berita bila kuniambia. Na mahari ilikuwa imepangwa kupokelewa Ayany, kwa Berita. Kila mtu alikuwa na kiti kwa hiyo harusi isipokuwa aliyezaa!

Hiyo siku nililia. Nililia nikipima makaa, wateja wakafikiri ni vumbi. Kilichoniuma zaidi ni jina. Kama Linet hana mama, basi hao watu wa Silanga miaka hii yote wamekuwa wakiita nani?

Wiki tatu Linet hakupiga. Mimi pia sikupiga. Kiburi? Ndiyo, kiburi. Nilikinunua kwa jasho, na nilikuwa natumia changu.

Kisha mchana mmoja nikamwona Mama Brian anateremka njia ya Silanga, sketi ameishika isiguse matope. Mama Atieno alikuwa mbele yake akipiga kelele, "Mama Linet! Una mgeni!"

Nilimgeuzia gunia akaketi. Alipumua kwanza. Akasema, "Nimeuliza watu watatu, mahali tofauti, Mama Linet ni nani. Wote wamenionyesha hapa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni Mama Linet yupi."

Nikamjibu, "Sasa umeona. Huku marehemu tunafungua biashara saa kumi na mbili asubuhi."

Hakucheka. Alisema makaa hayamtishi, yeye ameosha wagonjwa wa kila aina. Linalomtisha ni lingine. "Msichana anayemzika mama yake akiwa hai, mimi nikishindwa kutembea atanifanya nini?" Alikuwa amemwambia Brian harusi isimame.

Ningeweza kufurahi. Kusema kweli, nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikaangalia mikono yangu, nikakumbuka siku ya wazazi. Nikamweleza yote, mafuta ya taa, mkoba wa Berita, kuku wangu. Nikamwambia, "Hilo kaburi nilianza kulichimba mimi. Linet alilifukia tu."

Nikamwambia pia, "Harusi ni yenu. Sitambembeleza mtu amchukue, wala amwache. Lakini siku mkileta mahari, mtaileta hapa hapa kwa makaa. Ayany hakuna mtu aliyezaa Linet."

Nafikiri alimpelekea mtoto hayo maneno, kwa sababu Jumamosi, jua la saa sita, simu ikalia. Linet alikuwa amesimama kule chini kwa mashamba ya mboga, miwani myeusi usoni. Namwona, ananiona.

"Mum, toka kidogo, twende tuongelee kwa Anti Berita."

"Niko kazini," nikasema. "Njia unaijua. Ulijifunzia kutembea hapo." Nikakata.

Alisimama muda mrefu. Mimi nikaendelea kuviringisha. Mwishowe akaja, viatu vyeupe ndani ya tope. Wateja walikuwa wamepanga foleni na mikebe yao. Mama mmoja akamwambia, "Wewe dada, foleni inaanzia nyuma." Mwingine akaniangalia. "Kwani huyu ni nani?"

Nilifunga mdomo. Nimebeba magunia, nimezaa bila mkunga, lakini kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ni kunyamaza pale!

Linet alitoa miwani. "Mimi ni Linet," akasema.

"Linet yupi?"

Akaninyooshea kidole. "Wa... wa huyu. Huyu ni mama yangu."

"Ai! Kumbe ni wewe!" yule mama akapiga makofi. "Na vile tunakuitanga hapa kila siku!"

Msifikiri nilimkumbatia. Wapi! Nilimsukumia karai la vumbi la makaa, nikamwambia avue saa. Akachuchumaa na nguo zake za ofisi. Donge lake la kwanza likavunjika. La pili likavunjika.

"Lowesha viganja kwanza," nikamwambia.

La tatu likashika.

Sasa anakuja Jumamosi. Si zote. Kama Brian atamwoa sijui, na siulizi. Sijamsamehe yote pia, na hakuna mchungaji atakayeniharakisha.

Lakini nyinyi wazazi wenzangu, wa makaa, wa samaki, wa kufua nguo za watu, nawaomba! Siku ya wazazi nenda mwenyewe. Nenda na harufu yako, nenda na kucha zako. Mtoto akiaibika siku moja, hatakufa. Ukimtuma mwingine asimame mahali pako, siku moja utapata hapo mahali pana mwenyewe, na wewe unasomewa rambirambi ukiwa umesimama.

Na nyinyi watoto mliopanda lifti, mjue sisi hatujasahau majina yenu. Ndiyo tunaitwa nayo.

Mimi ni Mama Linet wa Silanga. Niko hai, na makaa yapo.